Kengele za Mabomba Meupe

Agripina mwanangu,

Uko chumba cha pili, nakusikia unafungua begi na kulifunga tena, nami nimekaa hapa mezani nakuandikia kama vile umeshafika Babati. Utanicheka. Lakini kuna jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kulitoa kwa miaka kumi, nikaona nijaribu kwa mkono.

Habari za kula, kulala, kufua na mtu gani wa kukaa naye kwenye gari sitaziandika. Shangazi yako amezisema tangu Jumatatu, na jana alizirudia mbele ya majirani mpaka ukaona haya. Kesho nitakupa barua hii ukiwa unakunywa chai. Isome yote kabla hatujatoka kwenda stendi. Mimi nitakuwa nje nafunga sanduku lako la vifaa kwa kamba, na sitaingia mpaka umalize.

Siku ulipopata nafasi kwenye karakana ile ya kuchomelea huko Babati, mwenye karakana alikuangalia mikono, akaniangalia mimi, akasema, "Mzee, binti huyu ataweza nyundo?" Nikamwambia akujaribu. Akakupa nondo uikunje pembe. Ukaikunja, ukaitazama, ukasema haijakaa sawa, ukaipasha tena. Hapo hapo akakuuliza unaanza lini. Alitaka kijana wa kiume, nadhani, lakini tangu Babati ifanywe makao makuu ya mkoa wetu mpya kila mtu anajenga, kila mtu anataka geti na madirisha ya chuma, na mafundi hawatoshi. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Nilipofika kwenye banda letu la uhunzi nikakaa kwenye kile kigogo cha fuawe tunapogongea chuma, furaha yote ikaisha, kwa sababu nilijua huko unakokwenda utakutana na mabomba meupe.

Nianze na makosa madogo, yanaandikika.

Kisu changu cha kwanza nilikifua kutoka kwenye springi ya Land Rover. Kilikuwa kizuri kweli. Nikakitia kwenye maji ya baridi kikiwa chekundu, kama nilivyomwona baba akitia majembe, kikalia tiii, kikapasuka kutoka kwenye makali hadi mgongoni. Nilikwenda nacho mnadani nimekifunga kwenye kitambaa kama mtu anayepeleka mtoto mgonjwa. Unaijua ile safu yetu ya wahunzi, pembeni ya mbuzi. Wakati ule alikuwepo mzee mmoja wa Gehandu mwenye jicho moja. Akakifungua, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kijana, umeoga maji ya baridi ukitoka motoni?"

"Hapana, mzee."

"Sasa mbona umemwogesha mwenzio?"

Ndiye aliyeniambia springi inataka mafuta, tena yaliyopashwa moto kidogo. Ndiye aliyeniambia pia kwamba jua linadanganya, kwamba rangi ya chuma huangaliwa kivulini, kwa sababu juani utadhani bado hakijaiva na kumbe kinaanza kuungua. Hakutaka chochote. Ndivyo ilivyokuwa kwenye safu ile. Mchana tulishindana kwa wateja na kutukanana bei, na jioni kabla ya kufungasha tulipeana tulichojifunza mwezi huo. Kila nilichokufundisha wewe kimetoka pale, au kwa babu yako. Na lile nililoamini vibaya nalo lilitoka pale.

Sasa nikuandikie habari za mama yako.

Ulikuwa na miaka minane alipokufa. Sijui unakumbuka nini. Mimi nakumbuka alivyokuwa akivuta shuka mdomoni kabla ya kushika mivukuto kupuliza moto, na alivyokuwa akihesabu pumzi za moto kwa Kiiraqw, kwa sauti ndogo, na akifika kumi anaanza tena moja. Nilimwuliza kwa nini haendelei na kumi na moja. Akasema, "Nikihesabu mpaka mia nitajua nimechoka."

Unajua alitoka Mogitu, kwa watu wa shamba na ng'ombe, na unajua watu wale zamani hawakuoana na wahunzi. Hawakuomba moto kwetu. Hawakunywa maji yaliyozamishwa chuma. Alipowaambia kwao, dada yake alimwuliza mbele yangu, "Martha, utaweza kula ugali wa majivu?" Mama yako akamjibu, "Nitaula. Na wewe mwaka huu utakuja kwangu kuomba jembe, utakuta nimeshiba." Na kweli alikuja, nikamtengenezea jembe, na mama yako akamkatalia kulibeba mpaka aombe kwa kupiga magoti. Walicheka wote wawili mpaka wakalia.

Bibi yako, mama yake, alichelewa zaidi kutukubali. Lakini ulipozaliwa alikuja. Alikaa mlangoni siku ya kwanza. Siku ya pili aliingia. Siku ya tatu alikunywa chai kwenye kikombe chetu, akakubeba, akasema una kidole gumba cha babu yake. Nataka ukumbuke kwamba bibi yako aliwahi kukubeba.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, majembe ya kutoka nje yalijaa madukani Katesh, mepesi, yamepakwa rangi, na bei yake sikuweza kuifikia hata kama mkaa ningepewa bure. Watu waliacha kuja. Chuma chenyewe nacho kikawa adimu. Mashamba makubwa ya ngano yalipoanza kuachwa tulidhani tutapata diski za plau za kutosha maisha yote, lakini malori ya wanunuzi wa chuma chakavu yalifika kabla yetu na kuzoa kila kitu. Nilikuwa nikizunguka nikiokota misumari.

Ndipo mfugaji mmoja akaniagiza kengele za ng'ombe ishirini, zote kwa mnada uliofuata. Kengele zilikuwa bado haziletwi kutoka nje ya nchi. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwambia ndiyo, na sikuwa hata na chuma cha kengele moja.

Siku mbili baadaye alikuja mtu na baiskeli, amebeba mabomba yamefungwa kwenye magunia. Mabomba meupe, yale yaliyopakwa zinki, ya maji. Yalikuwa bado na udongo mbichi. Mwanangu, sikumwuliza yametoka wapi. Sikuuliza kwa sababu nilijua. Watu wa kijiji cha pili walikuwa wakilalamika wiki ile kwamba maji yao ya kutoka mlimani yamekatika. Nikayanunua.

Kuna kitu nilijua na kitu sikujua. Nilijua bomba jeupe likiingia motoni linatoa moshi mweupe, unaelea kama nyuzi za pamba, na mdomoni unaacha utamu mbaya. Nilijua jioni yake unapata homa na kutetemeka. Kwenye safu ya mnada kila mtu alilijua hilo, na dawa yake tuliambiana: kunywa maziwa mengi, kesho umepona. Wengi walikunywa na kesho wakapona. Sikujua kwamba wangepona hata bila maziwa, na kwamba mwenye kifua kibovu anaweza asipone. Mama yako kila kipupwe alikuwa anakohoa. Hilo nililijua.

Banda letu halina kuta. Baba hakulijengea ukuta, na baba yake pia hakujenga, moshi upite na watu waone unachofanya. Siku ile nililizungushia magunia na mabati mabovu pande zote, ili anayepita asione mabomba.

Mama yako akauliza, "Mbona umefunga?"

"Upepo."

Akachungulia nje. "Upepo gani? Hata majani ya mahindi hayatikisiki."

Nikachukua bomba la kwanza. Akaniangalia, akaangalia udongo kwenye mabomba, akavuta shuka mdomoni, akashika mivukuto. Hakuniuliza tena.

Tulifanya kazi tangu asubuhi. Nakata kipande, napasua, nalaza, nakunja, nagonga. Zilikuwa kengele nzuri, Agripina. Mchana alisimama, akasema anataka kutoka kidogo apate hewa. Zilikuwa zimebaki tatu. Nikamwambia, "Tumalizie hizi tatu."

Wewe ulirudi kutoka shuleni wakati huo. Ulibisha kwenye bati ukasema, "Baba, mama anakohoa." Nikakutuma maji. Ulikwenda.

Akamalizia zile tatu.

Jioni homa ilimshika, kama nilivyotegemea. Nikamletea maziwa. Alikunywa vikombe vitatu kwa sababu nilimsihi, akatapika, nikamletea tena. Asubuhi mimi nilikuwa nimepona. Yeye hakupona. Siku ya tatu pumzi zikawa fupi, nikamweka kwenye mkokoteni wa ng'ombe nikampeleka zahanati. Daktari alimsikiliza kifua muda mrefu. Alikuwa kijana mpole. Akaniuliza, "Baba, huyu mama amevuta moshi wowote? Dawa ya shamba? Betri? Kitu cha kazini?"

Nikasema, "Moshi wa jikoni tu, daktari."

Mama yako alikuwa macho. Aligeuza kichwa akaniangalia. Angeweza kusema, alikuwa bado na sauti. Alinyamaza kwa ajili yangu, ili nisiulizwe juu ya mabomba. Alinipa mkono nikaushika.

Daktari aliandika homa ya mapafu, akampa dawa alizokuwa nazo. Jumamosi akafariki.

Sijui kama jibu la kweli lingemponya. Nimelipima jambo hilo miaka yote, na sijapata mwisho wake. Labda daktari angejua la kufanya, labda asingejua. Lakini alitaka kujua, akaniuliza vizuri, na mimi nikamnyima.

Hilo ni nusu ya ninayotaka kukuambia. Nusu nyingine ni mbaya zaidi, kwa sababu sikuifanya kwa siku moja. Niliifanya kila siku kwa miaka kumi.

Siku ya maziko mjomba wako alisimama mbele ya watu akasema, "Tulisema tangu mwanzo. Nyumba ya wahunzi ina laana, imemla mtoto wetu." Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimekaa chini, wewe umelala mapajani mwangu umechoka kulia. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu niseme: si nyumba, ni mimi, ni mabomba ya wizi, ni banda nililolifunga, ni uongo niliomwambia daktari. Lakini laana ile ilinifunika vizuri. Anayelaumiwa kwa laana haulizwi swali lingine. Nikainamisha kichwa, na wao wakachukua kuinama kwangu kama kukubali.

Nilidhani imeniangukia mimi peke yangu. Kumbe ilikuangukia wewe.

Krismasi ile ulipokuwa na miaka kumi na moja ulikwenda Mogitu kumpelekea bibi yako kanga. Ulirudi mapema. Ulisema alikuambia uiweke kwenye kigoda, yeye ataichukua baadaye. Ukakaa hapo kwenye mlango wa jiko ukiangalia viganja vyako, ukaniuliza, "Baba, mimi nina nini mikononi?" Nikakujibu, "Wazee wana mambo yao." Nikaenda kupasua kuni. Nilipasua kuni za wiki nzima siku ile.

Na mwaka juzi, wale waliokuja na posa walipoghairi baada ya kusikia habari za laana kutoka Mogitu, ulisema mbele ya shangazi yako, taratibu kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Labda ndivyo nilivyo." Shangazi alilia. Mimi nilikuwa na nyundo mkononi, na mdomo ulikuwa umeshafunguka, halafu nikaufunga.

Kwa hiyo nakuandikia sasa, na ningeomba uyasome maneno haya mara mbili. Hakuna laana. Hakuna kitu mikononi mwako. Mama yako hakufa kwa sababu aliolewa na mhunzi, wala kwa sababu alikuzaa kwenye nyumba hii. Alikufa baada ya kuvuta moshi wa zinki ndani ya banda nililolifunga mimi, na mimi nikaficha.

Zile kengele nilizipeleka mnadani baada ya arobaini. Mfugaji alizisifu. Bado zinalia. Ng'ombe wakishuka kwenda kunywa maji huwa nazitambua katikati ya nyingine zote, sauti zake ni nyembamba zaidi, na wewe ulikuwa ukiniuliza mbona nasimamisha kazi. Nilikuwa nasema mgongo unauma.

Mwezi uliopita kwenye safu yetu kijana mmoja alikuwa anatetemeka tangu asubuhi. Wenzake wanamtania. "Umeota zinki, bwana! Nenda kwa mama ukanyonye!" Mmoja akamletea maziwa kwenye kopo. Sijui nini kilinipata. Nilisema, "Maziwa hayafiki kwenye kifua."

Wakacheka. "Mzee, umejuaje? Ulichungulia?"

Nikasema, "Nilimpa mke wangu."

Aliyeshika kopo akaliweka chini. Yule mzee wa jicho moja bado yuko hai, siku hizi anakuja kukaa tu. Akanitazama kwa jicho lake lile.

"Martha?"

"Ndiyo, mzee."

"Miaka yote hii tunaambiana maziwa, na wewe umekaa hapa hapa unatusikiliza?"

Nikaanza kufungasha visu vyangu. Alipoondoka hakuniaga. Alikuwa na haki. Lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa nimelisema, na nililala usingizi.

Huko karakana mtachomelea mabomba meupe na mabati, hamtayakwepa. Piga tupa mpaka zinki itoke na uone chuma kijivu, upana wa kiganja kila upande. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni. Ukiona zile nyuzi nyeupe zinaelea, zima, toka. Mwenye karakana akikuambia mmalizie hizi tatu, toka. Akikufukuza, rudi nyumbani, tutafua visu. Na ukiumwa, daktari akikuuliza, mwambie kila kitu, hata kama kuna mtu ataaibika.

Hayo mengine yote ya chuma unayajua, na yale nisiyoyajua watakufundisha. Waulize. Nawe ukijifunza kitu waambie wenzako.

Sasa la mwisho. Jumapili niliposema nakwenda kutafuta mkaa sikwenda kutafuta mkaa. Nilikwenda Mogitu.

Bibi yako alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimwamkia shikamoo nikiwa mbali, akaitikia bila kuinua macho. Hakunipa kiti. Nikakaa chini, nikasema yote, kama nilivyokuandikia hapa, mabomba, magunia, daktari. Hakuacha kupukuchua hata mara moja. Nilipomaliza alichukua hindi lingine, akalimaliza, akasema, "Kumbe nilimnyima mtoto mkono bure."

Akakung'uta punje mapajani.

"Mtoto anajua?"

"Hapana, mama."

Hapo ndipo aliponiangalia. Agripina, sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu. "Umeanza na mimi, mzee ambaye nimebakiza siku chache, ukamwacha yeye mwenye maisha?" Akatupa gunzi. "Gari lake linapita hapa siku gani?"

Nikamwambia.

"Nitasimama barabarani. Kama utakuwa umemwambia, atashuka. Kama hujamwambia, atanipungia mkono dirishani kama anavyopungia mtu yeyote, na mimi nitajua wewe ni mtu wa namna gani, nitarudi ndani."

Nikasimama kuondoka. Hakunipa mkono. Nilipofika kwenye mahindi akaniita, "Wewe!" Nikageuka. "Bado anapenda viazi vya kuchoma?" Nikasema ndiyo.

Basi nimekuambia. Sikuombi unisamehe kabla ya gari kuondoka, wala kabla ya Krismasi, wala siku yoyote ambayo mimi nitaipanga. Ukitoka nje na kikombe chako ukaona huwezi kuzungumza nami, usizungumze, nitabeba sanduku nyuma yako mpaka stendi. Ukitaka kunifokea, nifokee hapa uani, shangazi yako asikie, majirani wasikie. Mimi sifichi tena.

Nimeongea na konda. Amesema gari halisimami Mogitu kwa ajili ya kusalimiana, atapoteza muda, abiria watalalamika. Mwache alalamike, na wao walalamike. Utamwona bibi yako upande wa kushoto, amezeeka sana, ana fimbo. Usimpe shikamoo kupitia dirishani.

Shuka.

Baba yako